Deki ya DVD na Muziki wa Namba

Katika nyumba nyingi za Chiwata, kama ilivyo katika vijiji vingine vya Masasi na Newala vilivyotanda juu na kandokando ya Uwanda wa Makonde, kipo chombo kimoja ambacho kimeanza kusahauliwa. Chombo hicho ni mashine ya kuchezea DVD, ambayo katika lugha ya kila siku huitwa deki. Katika miaka ya 2000 deki ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyonunuliwa mapema pale msimu wa korosho ulipokuwa mzuri. Iliwekwa juu ya kabati pamoja na runinga, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na jioni majirani wakakusanyika kutazama filamu. Leo nyimbo na filamu zinakaa katika simu, na deki imesukumwa chini ya kitanda. Hata kompyuta nyingi mpya za mkononi hutengenezwa bila mlango wa diski.

Mabadiliko hayo yana athari ambayo haijatiliwa maanani vya kutosha. Diski hazikuhama pamoja na wenyewe. Nyimbo za kwaya, harusi, ngoma za sindimba zilizochezwa siku za sherehe, na sauti za wazee ambao sasa ni marehemu, zingali ndani ya diski zilizofungwa katika mifuko ya plastiki, na mara nyingi nakala ni moja tu. Huenda deki iliyo chini ya kitanda ndiyo jicho la mwisho kijijini linaloweza kuzisoma. Makala haya yanaeleza jinsi jicho hilo linavyofanya kazi, na jinsi chombo cha bei ndogo kinavyoweza, kikitumiwa ipasavyo, kutoa muziki kwa usahihi ambao wengi hawautarajii.

Matundu yaliyo nyuma ya deki

Msomaji akiigeuza deki na kuitazama mgongoni ataona safu ya matundu ya duara. La njano ni la picha. Jekundu na jeupe ni ya sauti, moja la upande wa kulia na jingine la upande wa kushoto. Hayo ndiyo yanayotumiwa na karibu kila mtu kuunganisha deki na runinga au sabufa. Pembeni huwa kuna tundu jingine la umbo lile lile, aghalabu la rangi ya chungwa au nyeusi, ambalo limeandikwa COAXIAL au DIGITAL AUDIO OUT. Deki nyingine zina pia tundu la mraba lenye kijilango, nalo limeandikwa OPTICAL. Matundu hayo ya mwisho kwa kawaida hayajaguswa tangu siku deki ilipotoka dukani.

Katika tundu jekundu na jeupe hutoka volti inayopanda na kushuka kwa kufuata wimbi la sauti. Katika tundu la chungwa haitoki sauti hata kidogo, hutoka namba. Kwa hakika deki ni vyombo viwili ndani ya sanduku moja: kimoja husoma namba kutoka katika diski, na cha pili huzigeuza namba hizo kuwa sauti. Kazi ya kwanza hufanywa vizuri hata na deki ya bei ya chini kabisa. Kazi ya pili ndiyo inayofanywa kwa ubahili. Kigeuzi cha thamani ndogo huwekwa jirani na mota, saketi za picha na ugavi wa umeme, na vyote hivyo huvujisha kelele zao za umeme ndani yake. Mtu anayezichukua namba kwenye tundu la chungwa na kuzipeleka kwenye kigeuzi kingine kilicho bora huiachia deki ile kazi inayoiweza na kuiondolea ile isiyoiweza.

Wimbi linavyogeuzwa kuwa namba

Neno dijitali lilienea sana Tanzania baada ya tarehe 31 Desemba 2012, wakati mitambo ya runinga ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam na watu wakalazimika kununua ving'amuzi. Wengi walibaki na dhana kwamba dijitali ni jina jingine la picha safi. Maana yake si hiyo. Kitu cha dijitali ni kitu kinachoelezwa kwa namba, na namba hizo zinaweza kuwa za picha mbaya au za picha nzuri.

Mpigaji anapoicharaza chinganga, ile ngoma ndogo ya Kimakonde yenye mkia uliochongoka unaochomekwa ardhini, ngozi yake hutetemeka na kuisukuma hewa. Kanieneo ya hewa hupanda na kushuka, na maikrofoni hugeuza kupanda na kushuka huko kuwa volti. Mpaka hapo hakuna namba. Namba huanza pale chombo cha kupimia kinapoisoma volti hiyo mara 44,100 katika kila sekunde moja, na kila mara kuandika kipimo kimoja kilicho karibu zaidi kati ya vipimo 65,536 vinavyowezekana. Hesabu ya 65,536 ni 2 kwa kipeo cha 16, kwa maana kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za kizio cha mbili, ambazo huitwa biti. Hivyo ndivyo vipimo vya diski ya muziki, yaani CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982 kwa ushirikiano wa Philips na Sony.

Mwanafunzi mwangalifu atauliza: je, kinachotokea katikati ya kipimo kimoja na kingine hakipotei? Swali hili ni zuri, na jibu lake ni la hisabati. Vladimir Kotelnikov wa Urusi mwaka 1933, na Claude Shannon wa Marekani mwaka 1949, walithibitisha kwamba wimbi lisilokuwa na mitetemo inayozidi nusu ya idadi ya vipimo kwa sekunde linaweza kurudishwa lote kamili kutokana na vipimo vyake. Kamili, si kwa kukadiria. Sikio la kijana husikia mpaka takriban mitetemo 20,000 kwa sekunde, yaani hezi 20,000. La mtu mzima husikia pungufu ya hapo. Nusu ya 44,100 ni 22,050. Kwa hiyo mchoro unaopatikana katika vitabu vingi, unaoonyesha sauti ya dijitali kama ngazi yenye vipandio, unampotosha msomaji. Ngazi hiyo haimfikii msikilizaji, kwa sababu kigeuzi huwa na chujio linaloondoa mitetemo yote iliyo juu ya kiwango hicho, na kinachobaki ni wimbi laini.

Lakini kwa nini 44,100, isiwe 44,000 au 45,000? Jibu lake linawahusu watu wenye deki kuliko wanavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 hapakuwa na chombo rahisi cha kuhifadhia namba nyingi kiasi hicho, isipokuwa mashine ya kurekodia picha za video. Wahandisi wakazipanga namba za muziki ndani ya mistari ya picha, namba 3 katika kila mstari. Katika mfumo wa Marekani na Japani ilitumika mistari 245 kwa kila sehemu ya picha, na sehemu 60 kwa sekunde. Katika mfumo wa Ulaya ilitumika mistari 294 na sehemu 50. Mwanafunzi azidishe mwenyewe: 3 × 245 × 60, kisha 3 × 294 × 50. Namba za muziki zilikaa kwanza katika mashine ya video kabla ya kuhamia katika diski yake zenyewe, na deki ya DVD inapozisoma leo ni kama mjomba anayempokea mpwa.

Kwa kuwa muziki hurekodiwa kwa njia mbili, kulia na kushoto, sekunde moja ya CD ina biti 44,100 × 16 × 2, yaani 1,411,200. DVD yenyewe ina nafasi ya baiti bilioni 4.7, na huruhusu muziki wa vipimo 48,000 au 96,000 kwa sekunde, wenye biti 16, 20 au 24. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kukokotoa ni saa ngapi za muziki wa vipimo 48,000 na biti 16 zinazoweza kuenea katika DVD moja. Watapata karibu saa 6 na dakika 48, bila kuhesabu nafasi inayotumika kwa mambo mengine.

Jicho la leza

Namba hizo zimeandikwa katika diski kwa vishimo vidogo vilivyopangwa katika mstari mmoja mrefu unaozunguka kama konokono, kuanzia karibu na kitovu kwenda ukingoni. Katika CD, umbali kati ya mzunguko mmoja na wa pili ni mikromita 1.6, katika DVD ni mikromita 0.74. Unywele mmoja wa mtu wenye unene wa mikromita 70 ukilazwa juu ya CD hufunika mizunguko zaidi ya 40. CD husomwa kwa nuru ya leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, nayo DVD kwa nanomita 650, kwa sababu vishimo vidogo zaidi huhitaji wimbi fupi zaidi.

Deki nyingi kwa hiyo zina leza mbili. Hapo pana jambo ambalo mafundi wa redio hukutana nalo mara kwa mara: deki inacheza DVD bila shida lakini inakataa CD, au kinyume chake. Mwenye deki husema diski zimeharibika, kumbe leza moja kati ya mbili ndiyo iliyochoka. Kabla ya kuitupa diski, ijaribiwe katika deki nyingine. Inafaa pia kuonya kwamba nuru ya nanomita 780 karibu haionekani kwa macho, hivyo jicho halifumbi kujikinga nayo. Deki isiwashwe ikiwa imefunuliwa kifuniko kwa ajili ya kuwaonyesha wanafunzi. Mwalimu anayetaka kuonyesha sehemu za ndani achomoe waya wa umeme kwanza.

Karani wa ghala

Diski ya kijijini huwa na vumbi, alama za vidole na mikwaruzo. Inawezekanaje basi namba zisomwe bila kosa? Mfano upo karibu. Karani wa ghala la korosho anaandika katika daftari uzito wa magunia matatu ya mkulima, kisha chini yake anaandika jumla. Mvua ikidondokea daftari na kufuta uzito wa gunia la pili, hakuna kilichopotea: jumla ukiitoa uzito wa gunia la kwanza na la tatu, jibu ni uzito uliofutika. Ile jumla haikuwa korosho. Ilikuwa ni maelezo ya ziada juu ya korosho, na sasa imeokoa hesabu.

Diski hufanya vivyo hivyo, kwa hisabati ngumu zaidi iliyobuniwa na Wamarekani Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960. Tena hufanya jambo la pili lenye busara. Namba zinazofuatana katika wimbo haziandikwi zikifuatana katika diski. Hutawanywa mbalimbali, kama mtu anayegawa kurasa za barua moja kwa wasafiri kadhaa ili mmoja akipotea barua isipotee yote. Mkwaruzo ukikata sehemu moja ya diski, hasara yake hugawanyika katika vipande vidogo ambavyo kila kimoja kinaweza kurekebishwa. Katika CD, pengo la biti zipatazo 4,000, ambalo ni karibu milimita 2.5 za mstari wa vishimo, linaweza kujazwa bila kubakiza kosa hata moja. Likizidi hapo, deki hukisia namba zilizokosekana kwa kulinganisha jirani zake. Likizidi zaidi, hapo ndipo muziki hukatika au kurudiarudia.

Kutokana na maelezo hayo msomaji ataelewa kwa nini mkwaruzo unaotoka kitovuni kwenda ukingoni una madhara madogo kuliko mkwaruzo unaofuata mzunguko: wa kwanza huukata mstari mara nyingi lakini kwa mapengo mafupi, wa pili hufuta kipande kirefu kwa mfululizo. Diski ifutwe kwa kitambaa laini kutoka kitovuni kwenda nje, kamwe isifutwe kwa kuzungusha. Ataelewa pia hatari ambayo wengi hawaijui. Katika CD, ule utando wa madini unaoakisi nuru haupo upande wa chini unaong'aa, ambako upo chini ya plastiki ya milimita 1.2, upo upande wa juu wenye maandishi, chini ya rangi nyembamba tu. Anayeandika jina la kwaya juu ya CD kwa kalamu ya wino yenye ncha ngumu anaweza kuwa anafuta wimbo kwa mkono wake mwenyewe. Katika DVD utando huo umefichwa katikati ya vipande viwili vya plastiki, nao unalindwa vyema zaidi.

Kutoka nta hadi diski

Kurekodi ngoma za kusini si jambo la jana. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alifika Masasi na Newala akiwa na fonografu pamoja na mashine ya picha za sinema, akarekodi nyimbo katika silinda za nta. Silinda moja ilichukua dakika mbili au tatu tu. Nta hulainika kwa joto, na kila sindano inapopita juu yake kusikiliza, huchonga kidogo kile kilichohifadhiwa. Kusikiliza kwenyewe kulikuwa ni kuharibu. Hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, ilitafuta dawa kwa kutengeneza kalibu za shaba kutokana na silinda za namna hiyo, na kutoka katika kalibu zikatolewa nakala mpya. Mwaka 1999 UNESCO iliuingiza mkusanyiko wa hifadhi hiyo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Kaseti zilizofuata miaka mingi baadaye zilipunguza adha hiyo lakini hazikuiondoa. Kila kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine iliongeza mvumo wake juu ya mvumo wa mama yake, hata nakala ya tano ikasikika kama wimbo unaoimbwa nyuma ya mvua juu ya bati. Namba hazina tabia hiyo. Namba 27,415 ikinakiliwa mara elfu hubaki 27,415.

Hata hivyo anayedhani kwamba diski ni ya milele amekosea. Diski zilizochapwa kiwandani huishi muda mrefu, lakini zile zinazoandikwa kwa kompyuta studioni au katika duka la mjini, ambazo ndizo nyingi vijijini, hutumia rangi ya kikemikali inayobadilika inapounguzwa na leza. Rangi hiyo huathiriwa na jua, joto na unyevu. Diski iliyoachwa dirishani huenda isisomeke baada ya muda mfupi. Namba zikipungua kupita uwezo wa masahihisho, hazififii polepole kama kaseti. Siku moja zipo, siku ya pili hazipo. Diski ziwekwe gizani, mahali pakavu, zikisimama wima katika maboksi yake, na zilizo na nakala moja zinakiliwe kwa kompyuta yenye mlango wa diski wakati bado zinasomeka. Pasipo na kompyuta hiyo, namba zinaweza kuchukuliwa kwenye tundu la chungwa kwa kinasa sauti chenye mlango wa dijitali, japokuwa njia hii huchukua muda sawa na urefu wa wimbo, na yale makisio ya deki hunakiliwa pamoja na namba halisi bila tofauti yao kuonekana kwa urahisi.

Inapasa kuongeza kwamba si kila kilichorekodiwa kinafaa kuchezwa darasani. Nyimbo za jando na unyago zina wenyewe na zina mahali pake; ruhusa ya wazee itangulie.

Nyimbo mia katika diski moja

Kuna diski ambazo huuzwa stendi na magulioni zikiwa na nyimbo mia moja au zaidi. Hizo zimebanwa kwa mtindo wa MP3, ambao ulitokana na kazi ya watafiti wa Ujerumani na wenzao na kuchapishwa kama kanuni ya kimataifa mwaka 1993. Mtindo huo hutupa sehemu za sauti ambazo sikio linadhaniwa halitazisikia kwa kuwa zimefunikwa na sauti kubwa zaidi. Kwa kipimo cha kawaida cha biti 128,000 kwa sekunde, wimbo huchukua sehemu moja tu ya kumi na moja ya nafasi yake ya CD.

Kwa uimbaji wa polepole hasara haionekani sana. Kwa ngoma hali ni tofauti. MP3 huhesabu sauti kwa mafungu ya vipimo 1,152, ambayo ni karibu milisekunde 26. Chinganga hupasuka ghafla baada ya kimya. Makosa ya kubana yanayotokana na mlipuko huo husambaa katika fungu zima, pamoja na ile sehemu ya kimya iliyotangulia. Matokeo yake ni mkwaruzo hafifu unaosikika kabla ya pigo lenyewe, na pigo linakuwa butu. Watungaji wa MP3 waliijua kasoro hiyo na wakaweka mbinu za kuipunguza, lakini kwa biti chache haiondoki. Kigeuzi bora hakiwezi kurudisha kilichotupwa. Anayetaka kuhifadhi sindimba aihifadhi bila kubana.

Kuunganisha

Sabufa nyingi hazina tundu la kupokea namba. Kinachohitajika ni kigeuzi kidogo cha nje, aina ile inayouzwa madukani kwa ajili ya kuunganisha runinga mpya na redio za zamani, chenye tundu la COAXIAL au OPTICAL upande mmoja na matundu mekundu na meupe upande wa pili. Wauzaji humshawishi mteja anunue pia waya maalumu wa bei kubwa. Hauhitajiki. Waya wa njano wa picha, uliokuja na deki yenyewe, umetengenezwa kwa ukinzani bainifu wa omu 75, na huo ndio unaotakiwa kwa tundu la chungwa.

Sababu yake inafaa kwa somo la mawimbi. Namba za CD, pamoja na maelezo yake, hutoka zikiwa biti 2,822,400 kwa sekunde, na mtindo wa kuziandika huifanya volti ibadilike kwa kasi isiyozidi megahezi 2.8. Ndani ya waya, umeme husafiri kwa takriban thuluthi mbili za kasi ya nuru, yaani mita milioni 200 kwa sekunde. Urefu wa wimbi basi ni karibu mita 71. Waya wa mita moja ni kipande kidogo sana cha wimbi hilo, hivyo mwangwi unaorudi kutoka mwisho wa waya hauwezi kufanya madhara makubwa. Dhahabu haibadilishi hesabu hiyo.

Tundu la OPTICAL hupeleka namba zile zile kwa nuru nyekundu kupitia uzi wa plastiki. Faida yake ni kwamba hapapiti umeme kati ya vyombo viwili, na ule mvumo wa hezi 50 ambao husikika pale vyombo kadhaa vinapounganishwa hupungua au huisha.

Kabla ya kuwasha, sauti ya sabufa ishushwe. Waya wa tundu la chungwa usiingizwe moja kwa moja katika tundu jekundu la sabufa, kwani hapo hakutasikika muziki, labda mkwaruzo tu. Kisha katika deki, kwa kutumia runinga, ifunguliwe orodha ya mipango ya sauti. Deki nyingi huonyesha SPDIF na chini yake OFF, RAW na PCM. Ichaguliwe PCM. RAW hutoa sauti za filamu zikiwa bado zimefungwa kwa mafumbo ambayo kigeuzi rahisi hakiyaelewi. Vikorombwezo vyote vya sauti vizimwe. Halafu mwanafunzi abonyeze kitufe cha sauti cha rimoti ya deki: ikiwa sauti inayotoka kwenye kigeuzi cha nje inapungua, deki inazizidisha namba kabla ya kuzitoa, na inafaa kuachwa katika kiwango chake cha juu. Isipopungua, namba zinapita bila kuguswa na kitufe hicho.

Wapo wasemao kwamba namba ni namba, kwa hiyo deki zote ni sawa. Hilo ni kweli kwa sehemu. Kigeuzi kinahitaji namba sahihi, na kinazihitaji kwa wakati sahihi. Mpiga ngoma anayepiga mapigo yote yaliyotakiwa lakini akawahi hili na kuchelewa lile hajaupiga wimbo. Saa ya deki ya bei ndogo inaweza kuyumba kwa sehemu za bilioni za sekunde. Vigeuzi vizuri hulainisha mayumbo hayo, na kwa sikio la kawaida yaliyobaki ni madogo kuliko tofauti kati ya spika moja na nyingine. Mwenye fedha za kununulia kitu kimoja tu na anunue spika.

Jaribio la darasani

Sikio hudanganyika kwa urahisi, hasa linapojua ni kipi kilicho ghali. Kwa hiyo darasa lipime. Deki iunganishwe na sabufa kwa njia mbili kwa wakati mmoja: matundu mekundu na meupe ya deki, na tundu la chungwa kupitia kigeuzi cha nje, huku kibadilishio kikichagua kati ya njia hizo. Kwanza ichezwe sauti moja isiyobadilika, na kwa kutumia voltimita ya AC viwango vya njia zote mbili visawazishwe. Hatua hii isirukwe, kwani njia yenye sauti kubwa kidogo karibu kila mara husifiwa kuwa ndiyo safi zaidi. Wimbo uchaguliwe wenye ngoma na wenye nafasi za kimya.

Msikilizaji akae akiwa amevipa vyombo mgongo. Mwenzake arushe sarafu kuamua njia, acheze sekunde 20, na msikilizaji aandike anadhani ni ipi. Irudiwe mara 16. Kwa kubahatisha tu, mtu atapata majibu sahihi 8 hivi. Mfululizo wa majibu 16 ya ama hivi ama vile una matokeo 65,536 yanayowezekana, idadi ile ile ya vipimo vya CD, na katika hayo ni 2,517 tu yenye majibu sahihi 12 au zaidi. Hiyo ni pungufu ya asilimia 4. Mwanafunzi aliyepata 12 ana haki ya kusema amesikia tofauti. Aliyepata 10, hata kama ana hakika moyoni, arudie jaribio siku nyingine, akianza mapema kabla jenereta ya jirani haijawashwa.